Je, Mara kulikuwa na dinosaria? Majibu ya maswali mliyotutumia

Wiki iliyopita, kwenye kipindi cha asubuhi, ulimi wangu uliteleza nikazungumzia "dinosaria wa Olduvai". Kabla wimbo uliofuata haujaisha, simu ya studio ilikuwa imejaa ujumbe. Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Butiama aliandika: "Mtangazaji, Olduvai hakuna dinosaria. Usiwapotoshe watoto, wana mtihani."

Mwalimu yuko sahihi, na ninawaomba radhi wasikilizaji wote. Ujumbe wake ulifungua mlango wa maswali mengine kutoka Bukima, Majita, Bunda na Musoma mjini. Mojawapo lilitoka kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, ambaye alitaka kujua kama auze "mfupa wa dinosaria" aliouokota shimoni. Muda wa kipindi hautoshi kuyajibu yote, ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Je, binadamu na dinosaria waliwahi kuonana?

Hapana. Filamu zinawaonesha pamoja, lakini kati yao kuna mamilioni ya miaka.

Tupime kwa barabara tunayoijua. Tuseme kila mita moja ni miaka 1,000, na safari inaanzia stendi ya Bweri kurudi nyuma kwenye historia. Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922, kwa hiyo kuzaliwa kwake kuko sentimita 10 tu kutoka ulipo mguu wako. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, yaani mwendo wa chini ya kilomita mbili. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, ziko kilomita tatu na nusu na ushei. Bado hujatoka mjini.

Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hizo ni kilomita 66, karibu ufike Bunda. Wale wa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kuwafikia itabidi upite Bunda na uendelee kuelekea Magu.

Kwa hiyo Olduvai inahusu asili ya binadamu na wanyama walioishi naye, kama tembo wa kale, nyati wenye pembe ndefu ajabu na mamba waliokula watu. Habari ya dinosaria iko kwingine.

Basi dinosaria wa Tanzania wako wapi?

Eneo linalojulikana zaidi ni kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alipelekwa kwenye mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza juu ya ardhi. Nchi ilikuwa bado kwenye Vita vya Maji Maji, na kusini watu walikuwa wanakufa kwa vita na njaa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ilifanya uchimbaji mkubwa pale. Mamia ya Watanganyika waliajiriwa kuchimba, kusafisha na kufunga mifupa. Wapagazi waliibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini.

Mnyama mkubwa kuliko wote waliotoka huko ni yule ambaye Watanzania wengi wanamwita "mjusi wa Tendaguru". Kitaalamu alipewa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Ina urefu wa mita 13.27 kwenda juu, kama jengo la ghorofa nne. Alikuwa mla majani.

Tendaguru siyo peke yake. Mkoani Ruvuma walipatikana Nyasasaurus na Asilisaurus kongwe, wenye umri wa miaka zaidi ya milioni 240. Nyasasaurus huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote waliowahi kupatikana duniani, ingawa wapo wataalamu wanaomhesabu kuwa ndugu wa karibu tu wa dinosaria. Katika bonde la Rukwa, kusini magharibi, alipatikana mnyama aliyetangazwa mwaka 2019 kwa jina la Kiswahili kabisa: Mnyamawamtuka moyowamkia. Maana yake ni mnyama wa Mtuka, mto alikopatikana, na "moyo wa mkia" ni kwa sababu baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo.

Kwa nini hapa Mara hatupati dinosaria?

Swali hili limeulizwa na wengi, na jibu liko kwenye mawe tunayokalia kila siku.

Ili mfupa ugeuke kisukuku, mnyama akishakufa lazima afunikwe mapema na mchanga, tope au majivu ya volkano. Tabaka hujilundika juu yake, na madini yaliyomo kwenye maji yanaingia ndani ya mfupa taratibu hadi unakuwa kama jiwe.

Yale majabali ya Musoma, na miamba inayobeba dhahabu ya Buhemba na Nyamongo, hayakutokana na tope lililofunika wanyama. Majabali ni matale, yaani ujiuji wa moto uliopoa chini ya ardhi. Umri wa miamba hii unazidi miaka milioni 2,500. Kwa kipimo chetu cha barabara hizo ni kilomita 2,500, karibu safari ya Musoma hadi Dar es Salaam na kurudi. Wakati huo duniani hapakuwa na mnyama yeyote, viumbe vilikuwa vidogo visivyoonekana kwa macho. Kutafuta dinosaria ndani ya miamba hiyo ni sawa na kutafuta simu ya mkononi kwenye kaburi la babu wa babu yako.

Inawezekana dinosaria walipita hapa. Lakini kama kulikuwa na tabaka za zama zao juu ya miamba hii, mvua na mito imezimomonyoa kwa mamilioni ya miaka.

Je, ziwani hamna mnyama wa kale aliyejificha?

Wavuvi wana simulizi, na majirani zetu Waganda wana Lukwata, mnyama wa kutisha wa ziwani. Simulizi ni urithi na zina raha yake. Lakini Ziwa Victoria ni changa sana likilinganishwa na dinosaria, na utafiti wa tope la chini ya ziwa umeonesha kwamba lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa upya. Kwenye kipimo chetu hizo ni mita 15, hata getini mwa stendi hujafika. Mnyama wa zama za dinosaria angejificha wapi ziwa lilipokuwa majani na vumbi?

Hata hivyo ziwa letu lina hazina yake. Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya, kina tabaka za majivu ya volkano. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata pale fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Katika tabaka za karibuni zaidi alipatikana Rusingoryx, ndugu wa nyumbu wa Serengeti. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba pua yake ilikuwa na uvimbe wa mfupa wenye uwazi ndani, kitu ambacho hakijulikani kwa wanyama wengine wanaonyonyesha lakini kilikuwepo kwa aina fulani ya dinosaria. Wanadhani aliitumia kutoa sauti nzito, kama tarumbeta.

Dinosaria ni mjusi? Na mamba je?

Jina "mjusi" limezoeleka, lakini linapotosha kidogo. Mtazame kenge pale ufukweni: miguu yake imetanuka pembeni na tumbo liko karibu na ardhi. Sasa mtazame ng'ombe: miguu imesimama wima chini ya mwili. Dinosaria alisimama kama ng'ombe.

Mamba ni binamu wa dinosaria, lakini siyo dinosaria. Ndugu halisi unaye nyumbani, na huenda jana ulimla na ugali. Ndege wote, kuku akiwemo, wametokana na dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili. Kimondo chenye upana wa kilomita 10 hivi kilipoanguka eneo ambalo leo ni Meksiko, miaka milioni 66 iliyopita, vumbi na moshi vilizuia jua na chakula kikaisha. Dinosaria wakubwa walikufa, baadhi ya ndege wakasalia.

Umri huo wanaujuaje?

Mawe ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika. Kadiri agoni inavyokuwa nyingi, ndivyo jiwe lilivyo la zamani. Njia hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1961 kupima majivu ya Olduvai. Mfupa uliolala kati ya tabaka mbili za majivu, umri wake uko katikati ya umri wa tabaka hizo.

Yule wa Berlin atarudi lini?

Suala hili limeshafika bungeni mara kadhaa. Wapo wanaotaka arudi, na wapo wanaosema kumsafirisha na kumtunza ni gharama kubwa, hivyo afadhali ushirikiano na mafunzo kwa wataalamu wetu. Sitawaamulia. Ila ninakumbusha jambo moja: mafanikio ya Tendaguru yalitokana pia na ujuzi wa watu wa pale. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa kutambua na kutoa mifupa. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wenzake wengi hawajulikani kwa majina.

Nimeokota mfupa wa ajabu, niuuze?

Sasa nirudi kwa yule mchimbaji. Kaka, ukiambiwa kwamba jiwe lililotoka ndani ya mwamba wa dhahabu wa Mara ni dinosaria, unadanganywa. Mawe mengi yana umbo la mfupa kwa bahati tu. Lakini kama umekuta mfupa mzito kama jiwe kwenye udongo wa juu, korongoni au kando ya mto, unaweza kuwa wa mnyama wa kale, na hapo sheria inakuhusu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku. Huruhusiwi kuchimba wala kupeleka nje ya nchi bila kibali, na anayegundua anatakiwa kutoa taarifa. Fanya hivi:

1. Usiung'oe wala kuuosha. Mfupa ukitolewa kwenye tabaka lake bila utaalamu, umri wake hauwezi kupimwa vizuri tena.
2. Upige picha ukiwa palepale, uweke kalamu au jembe pembeni ili ukubwa uonekane.
3. Weka alama mahali hapo, na uzuie mifugo isipakanyage.
4. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa utamaduni wa halmashauri au ofisi ya mkuu wa wilaya, ili ifike Idara ya Malikale, Wizara ya Maliasili na Utalii.

Mnunuzi wa usiku atakupa hela ya wiki moja, na baada ya hapo mfupa hautaonekana tena. Ukitoa taarifa, kijiji chako kinaweza kuingia kwenye historia kwa jina lake, kama mto Mtuka ulivyoingia.

Na mwalimu wa Butiama, asante kwa kunirekebisha. Waambie wanafunzi wako kwamba mtangazaji amesahihisha kazi yake.