Mbwa wa Shamba Akianza Kuchechemea, Usikimbilie Diklo

"Shikamoo afisa. Mbwa wangu anachechemea mguu wa nyuma tangu juzi. Nimpe diklo ngapi?"

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu saa tatu usiku, mwishoni mwa mwezi wa tano, baridi ya huku Njombe ikiwa ndiyo imeanza. Aliyeutuma ni kijana anayefuga nguruwe na ana ekari kadhaa za parachichi. Sikumjibu kwa maandishi, nilimpigia palepale. Neno "ngapi" ndilo lilinitisha. Jibu ni sifuri, tena sifuri kabisa, na hilo nalijua kwa gharama.

Nilipokuwa nimeajiriwa tu, baba alikuwa na mbwa anaitwa Chui. Mzee wa miaka tisa hivi, lakini hakuna mwizi aliyekuwa anasogea kwenye zizi la mbuzi. Msimu mmoja wa baridi akaanza kuamka kwa shida, miguu ya nyuma imekakamaa. Mimi ndiye msomi wa familia, nikampa kidonge cha diklofenaki kilichokuwa kimebaki nilipoumwa mgongo. Jioni akatembea vizuri, baba akanisifu. Kesho yake nikampa kingine, na keshokutwa kingine. Siku ya nne akakataa chakula, akatapika, kinyesi kikawa cheusi kama lami. Nikadhani ni minyoo! Siku ya sita tukamzika. Nilipomsimulia daktari wa mifugo aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulimpa dawa gani?" Ile lami ilikuwa damu ya tumboni. Baba hakunigombeza, na mwezi uleule mbuzi wawili wakaibiwa.

Kwa hiyo leo naomba tuongelee mbwa anayechechemea. Najua wengi wenu mnahesabu dawa za nguruwe na chanjo za kuku kwenye daftari, ila mbwa hayumo. Na ndiye anayelala nje mali ikiwa ndani.

Kwanza dawa, maana hapo ndipo tunapoua. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za binadamu. Mwili wa mbwa hauzimudi kama wetu. Zinachubua tumbo mpaka linatoa damu, na zinaweza kuua figo. Panadoli nayo ikizidi inaharibu ini na damu, na wewe nyumbani huna namna ya kujua imezidi wapi. Zipo dawa za maumivu zinazofaa mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, lakini zinapimwa kwa uzito na daktari ndiye anayepanga siku. Angalia hesabu hii: mbwa wa kilo 20, dozi yake ya kila siku ya meloksikamu ni kama miligramu 2. Vidonge vya watu vinakuja vya miligramu 7.5 na 15. Ukimpa kimoja cha 15 umempa dozi ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Na kama jirani ameshamchoma deksamethasoni, mwambie daktari kabla hajampa kitu kingine, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana tumbo la mbwa ndilo linaloumia.

Sasa basi, kabla ya dawa tafuta sababu. Kuchechemea ni dalili tu, kama mtu kukohoa.

Lakini subiri, kuna jambo moja kabla hujamgusa. Kama mbwa hachechemei tu bali anayumba, miguu inalegea, anatoa mate mengi, sauti ya kubweka imebadilika au hawezi kumeza, usimshike wala usimfungue mdomo ukidhani amekwamwa na mfupa. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie mahali, watoto wakae mbali, mpigie daktari. Ukiwa umeng'atwa au mate yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kama hakuna dalili hizo, mwangalie akitembea mahali tambarare, taratibu, mtu mwingine akimvuta kwa kamba. Mguu wa mbele ukiwa na shida, kichwa kinapanda pale mguu mbovu unapogusa ardhi, na kinashuka anapokanyaga ule mzima. Wengi wanachanganya hapa, wanakagua mguu usio na tatizo. Shida ikiwa nyuma, angalia kiuno: upande unaouma unapanda juu zaidi.

Halafu mfunge mdomo kwa kitambaa, hata kama ni mbwa wako wa miaka kumi, maana maumivu hayana urafiki. Anza chini kwenye nyayo. Asilimia kubwa ya mbwa ninaoletewa, tatizo liko hapo hapo: mwiba, kipande cha waya, msumari wa banda, chupa, funza katikati ya vidole. Usisahau ule ukucha wa pembeni usiogusa ardhi. Ukikua sana unajikunja na kuingia nyamani, mbwa anachechemea mwezi mzima na hakuna anayeuona. Kidonda kidogo kisafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mfanye apumzike siku mbili tatu, atapona.

Nyayo ziko salama? Panda juu taratibu, kiungo kimoja kimoja, ukilinganisha na mguu wa pili. Mguu uliovimba ghafla na unauma sana, fikiria nyoka. Mguu unaoning'inia au umepinda, fikiria mfupa umevunjika. Mbwa aliyeruka au kugeuka ghafla akipiga mbio, na sasa anagusisha ncha ya vidole tu chini, mara nyingi ni kano ya ndani ya goti imekatika. Hayo matatu ni ya daktari leo, si kesho.

Kuna la nne ambalo linapotea kirahisi: kupe. Yule kupe wa kahawia wa mbwa anaeneza ugonjwa wa damu unaoleta homa, unyonge, wakati mwingine kutokwa damu puani, na viungo kuvimba. Kuchechemea kwake kuna tabia ya kuhama, leo mguu huu, kesho ule. Ukiona hivyo chukua kipimajoto, pima sehemu ya haja kubwa. Juu ya nyuzi 39.5 mbwa akiwa ametulia ni homa. Daktari akithibitisha atampa doksisaikilini, kwa kawaida wiki nne. Vijana wengi wanaacha siku ya kumi wakiona mbwa anakula. Malizeni dozi jamani.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimwelekeza kwa simu, akakagua nyayo kwa tochi, hakuna kitu. Nikamuuliza asubuhi mbwa anaamkaje. "Anajikokota, akizunguka zunguka anachangamka." Ana miaka mingapi? "Nane." Analala wapi? "Kwenye sakafu ya stoo." Anakula nini? Akacheka kidogo. "Anajisevia pumba za nguruwe."

Pale nikahisi ni baridi yabisi ya viungo vinavyosagika kwa uzee, na daktari alipokwenda akasema hivyo hivyo, nyonga zote mbili. Hali hii haiponi, lakini inaweza kutunzwa. Na dawa yake kubwa haiuzwi dukani: ni kupunguza uzito.

Pitisha vidole ubavuni. Mbavu uzihisi bila kukandamiza. Ukitafuta mbavu kama unatafuta sarafu kwenye gunia, mbwa amenenepa. Marekani waliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliopewa chakula pungufu kwa robo ukilinganisha na wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na shida ya viungo iliwachelewa. Robo tu ya bakuli! Mzani unao, ule wa nguruwe au wa mazao. Pima wewe ukiwa umembeba mbwa, kisha upime peke yako, utoe. Andika kila wiki mbili. Na ufunge mlango wa stoo ya pumba.

Kitanda nacho ni dawa. Sakafu ya saruji mwezi wa sita huku kwetu ni kama barafu. Piga chaga la mbao liinuke kidogo kutoka chini, weka magunia makavu, upepo usipite. Kijana alitumia mbao zilizobaki kwenye banda la nguruwe, hakununua hata msumari.

Mazoezi yaendelee, ila mafupi na ya kila siku. Kumfunga mnyororo mchana kutwa kunakakamaza viungo na kunaua misuli inayovibeba. Kumkimbiza nyuma ya pikipiki kilomita tano siku ya Jumamosi ni kosa la upande wa pili. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni kuzunguka mipaka, taratibu, zinatosha. Akizidi kuchechemea kesho yake, punguza.

Neno kwa mnaonunua watoto wa mbwa wakubwa, hasa jamii ya German Shepherd, maana naona mnalipa hela nyingi. Aina hii inajulikana kwa nyonga zisizokaa vizuri kwenye tundu lake, na tatizo linarithiwa. Kabla hujatoa pesa omba kuwaona baba na mama wakitembea. Mtoto asikue kwa ugali mtupu, wala kwa nyama tupu isiyo na mfupa, kwa kuwa vyote vina upungufu wa kalisi. Ila pia usimjaze unga wa mifupa ukidhani unamjenga, kalisi ikizidi nayo inapotosha mifupa ya mbwa mkubwa anayekua. Na mbwa mwenye nyonga mbovu asipandishwe, hata kama ni mkali kiasi gani.

Kuhusu gharama, kijana alilipia daktari na dawa ya maumivu ya wiki mbili, ambayo mbwa anapewa baada ya kula. Baada ya hapo akaiacha, kwa sababu uzito ulianza kushuka na chaga likafanya kazi yake. Nilimshauri pia achukue mtoto wa mbwa sasa hivi, wakati mzee bado yupo wa kumfundisha, asisubiri mpaka zizi libaki tupu kama la baba yangu.

Nilipita kwake juzi. Mbwa ametoka kilo 34 mpaka 29. Hakimbii kama zamani, alinyanyuka kwenye magunia yake akaja mpaka getini kwa mwendo wake, akanibwekea, mdogo akamfuata nyuma akibweka zaidi yake. Wote wawili wana chanjo ya kichaa ya mwaka huu, nilidai kadi nikaziona.