Nasaba Katika Makaratasi ya Zamani: Tahadhari kwa Watafutaji wa Usukumani

Elimu ya nasaba haikusudiwi kujifakharisha. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tuijue kwa kadiri ya kutuwezesha kuunga udugu, na juu yake zimesimama hukumu nzito: nani ni maharimu, nani ni walii, nani ni mrithi.

Katika Shinyanga na Geita jambo hili lina uzito wake, kwani watu wamehamahama sana. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara hadi pwani. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, almasi ikagunduliwa Mwadui mwaka 1940, na dhahabu ya Geita ikachimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Kijana aliyekuja kutafuta kazi aliweza kuoa, kusilimu, kubadili jina na kufia ugenini.

Athari zake zitafutwe wapi? Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inahifadhi mafaili ya Wajerumani na Waingereza, na vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika habari za watemi, kodi na desturi. Mtafutaji azingatie mipaka: Mkoa wa Geita umeanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Habari za Geita za zama za Waingereza zitafutwe katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza.

Lakini hapa pana mtego. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu cha sheria za Wasukuma mwaka 1953. Kwa mila hizo, mtoto wa ndoa isiyotolewa ng'ombe za mahari alihesabiwa wa ukoo wa mama. Basi mtu aweza kuandikwa "mtoto wa fulani", kumbe huyo fulani ni babu yake mzaa mama!

Sheria yetu haiko hivyo. Nikaha ikisihi, mtoto ni wa baba, na mahari yasiyolipwa ni deni kwa mume. Hata ndoa za kabla ya kusilimu, mafakihi wamezikubali kuthibitisha nasaba. Na katika Surat al-Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao.

Tutoe mfano. Mtu amefariki, ameacha binti mmoja na binamu. Binti ana nusu. Nusu iliyobaki ni ya asaba, yaani jamaa wa kuumeni. Ikiwa babu wa marehemu aliandikwa kwa ukoo wa mama yake, mwenye kufuata daftari atawapa nusu hiyo wasiostahiki, na wenye haki watadhulumiwa.

Ndiyo maana kwa Mashafii hati peke yake haimtoshi kadhi, kwani miandiko hufanana. Nasaba huthibiti kwa mashahidi waadilifu au kwa istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi wasiodhaniwa kukubaliana juu ya uongo. Kwa hiyo anza kwa wazee wa pande zote mbili, kisha nenda kwenye mafaili, halafu rudi kwa wazee na majina uliyoyapata, uwaulize: ndoa ilifungwaje, na ng'ombe zilitolewa?

Na ukikuta katika faili aibu ya marehemu, isitiri na umwombee maghufira. Ulichotumwa kutafuta ni udugu na haki.

Wallahu a'lam.