Hali ya ufukwe inapochafuka, hata mashine hupoteza sikio

Wafanyabiashara wanaovuka kati ya Nyanza-Lac na Kagunga wanajua vizuri kwamba hatari ya mali kupotea haipo katikati ya ziwa. Ipo mwaloni, pale wimbi linapovunjika na kila abiria anataka kushuka wa kwanza. Hapo ndipo pete, funguo na mikufu huangukia majini, na mchanga ukafunika mara moja.

Siku hizi mwenye kupoteza kitu humtafuta kijana mwenye ditekta, mashine ya kutambua vyuma. Kwa sisi tuliokulia ukimbizini Tanzania mashine hii si ngeni, maana wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita na Chunya huitumia. Lakini kuitumia ufukweni ni kazi nyingine kabisa, hasa hali inapochafuka.

Ndugu msomaji, kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Sahani iliyo mwisho wa fimbo ina waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia mchangani. Ikikuta chuma, shaba, fedha au dhahabu, madini hayo hujibu na mtafutaji husikia mlio. Lakini kwa sarafu au pete, mashine ya kawaida haifiki mbali: sentimita 20 hivi, au 30 mchanga ukiwa mzuri.

Kwenye fukwe za bahari, kama Dar es Salaam, adui wa kwanza ni chumvi. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine hulia ovyo hata pasipo na kitu. Tanganyika ni maji baridi, kwa hiyo tumeepushwa na hilo. Ila bahari hupwa na kujaa kila siku, na maji yakipwa mtafutaji hupata nafasi. Ziwa letu halina neema hiyo. Hupanda msimu wa mvua, hushuka pole pole msimu wa kiangazi, na miaka mingine hukataa kushuka. Mwaka 2024 lilifurika hadi kuingia nyumba za watu Gatumba, na wazee wakakumbuka mafuriko ya miaka ya 1960.

Katika mwaka huo huo, mwezi wa nane, mama mmoja jirani yangu alipata mkasa. Mimi na yeye tulirudi kutoka Ulyankulu mwaka 2009. Mkufu wake wa dhahabu aliununua huko kwa fedha za tumbaku, akavuka nao mpaka badala ya noti, maana noti za nchi moja hupungua thamani ukifika nchi nyingine. Ulikuwa akiba yake na dhamana yake anapokopa mtaji wa dagaa. Siku hiyo upepo wa kusi ulikuwa mkali. Mtumbwi ukayumba mwaloni, na kipochi chenye mkufu na funguo za stoo kikadondoka.

Nilimwita kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ana ditekta. Tulitafuta siku tatu. Maji yalikuwa bado hayajarudi mahali pake, kwa hiyo ilibidi aingie hadi kiunoni huku mawimbi yakimsukuma na sahani ikielea huku na huko. Kila hatua mlio ulisikika, lakini tulipochimba tulikuta vizibo vya soda, misumari ya mitumbwi na vipande vya bati vilivyoletwa na mafuriko.

Siku ya tatu funguo zilipatikana. Mkufu haukuonekana.

"Mwalimu, ufunguo ni kipande kimoja, unajibu kwa sauti," kijana alinieleza. "Mkufu mwembamba ni vipete vingi vidogo. Mashine husikia kimoja kimoja, na kimoja hakina nguvu."

Alisema kweli. Hata pete ya dhahabu mlio wake hufanana na wa karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara, kwa hiyo anayechoka kuchimba takataka huiacha pete yenyewe. Tena dhahabu ni nzito: mawimbi yakikoroga mchanga hushuka hadi kwenye udongo mgumu, kisha siku za utulivu mchanga mwingine hurundikana juu yake.

Mama alisikiliza, akauliza maji hushuka zaidi mwezi gani. Tukamwambia mwezi wa kumi, kabla ya mvua. "Basi nitasubiri," alisema. "Mtaji wa mwezi huu nitakopa kwa shemeji."

Kwa wanaovuka, nashauri haya. Ukipoteza kitu, pima mahali kwa alama mbili zisizohama, mfano mti na paa la nyumba. Wimbi hufuta alama ya mchangani. Zuia watu wasichimbe ovyo. Dhahabu ifunge mwilini, isikae kwenye kipochi cha mkononi.

La mwisho ndilo zito zaidi. Ditekta haitofautishi kitasa na bomu la mkono. Nchi yetu ilipita vitani, na ingawa Burundi iliridhia Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini mwaka 2003, vyuma vya vita havikuisha kwa karatasi hiyo. Mafuriko hubeba vitu kutoka bara na kuvitupa ufukweni. Ukifukua kitu cha mviringo chenye kutu usichokijua, usikiguse wala usikigonge kwa jembe. Weka alama mbali kidogo, waondoe watoto, kawaarifu polisi. Vijana wanaotafuta riziki kwa mashine hizi wafundishwe hilo kabla ya kufundishwa bei ya dhahabu.