Mashine ya kunyolea ya babu: Isafishe hivi bila kuharibu mng'ao

Umefungua sanduku la zamani ukakuta mashine ya chuma ya kunyolea ndevu, ile ya kuwekea wembe wa makali mawili? Usikimbilie stilwaya. Mashine hizi, ambazo Gillette ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1903, huharibiwa na usafi wa pupa kuliko uchafu wenyewe.

Kwa nini uwe mwangalifu?

Nyingi zimetengenezwa kwa shaba ya njano, kisha zikapakwa safu nyembamba sana ya nikeli, fedha au dhahabu. Safu hiyo ikishakwanguka, hairudi kwa kusugua. Mpaka fundi aipake upya, na hiyo ni gharama.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wakiona doa la njano kwenye mashine ya nikeli, wanadhani ni uchafu. Kumbe ni shaba imeanza kuchungulia. Ukilisugua, unalipanua tu.

Fanya hivi

1. Toa wembe wa zamani kwa uangalifu, uufunge kwenye karatasi ngumu kabla ya kuutupa. Usiutumie tena.

2. Kama mashine inafunguka vipande vitatu, ifungue. Kama mdomo wake hufunguka kwa kuzungusha kitasa, usiilazimishe wala usiing'oe.

3. Iloweke dakika 10 hivi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo.

4. Sugua taratibu kwa mswaki laini. Kwenye kona, tumia kijiti cha meno cha mbao. Ukoko wa sabuni ukigoma, rudia kuloweka. Usiongeze nguvu.

5. Suuza, kausha kwa kitambaa laini, halafu ifute kwa spiriti ili kuua vijidudu, hasa kama hujui nani aliitumia. Kama ni ya dhahabu, jaribu kwanza sehemu iliyojificha.

6. Kitasa kikiwa kigumu, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha.

Usiguse kabisa

- Dawa ya meno na majivu: vina chembechembe zinazokwaruza.
- Siki na limau: asidi hula chuma kilichobaki wazi.
- Dawa za klorini: hutia madoa na kuchochea kutu.
- Maji yanayochemka: baadhi ya mashine zilipakwa vanishi, na moto huibambua.

Dawa ya kung'arishia vyuma je? Kwa nikeli, kidogo sana na mara chache, maana kila ukiipitisha inaondoka na safu kidogo. Kwa dhahabu, iache.

Ikishatakata

Kila baada ya kunyoa, isuuze, ikung'ute maji na uiweke pakavu. Alama mbili tatu za uzee ziache zilivyo. Hizo ndizo zinazoonyesha kuwa babu aliitumia kweli.