Miale ya leza yaweza kutibu mishipa ya miguu iliyovimba

MWALIMU anayesimama darasani kutwa nzima mjini Mwingi, au mchuuzi wa maembe katika soko la Wote, huenda akaona mishipa ya rangi ya samawati imejitokeza miguuni na kujipinda kama mizizi. Wengi huipuuza hadi kidonda kinapochimbuka karibu na kifundo na kukataa kupona.

Chanzo ni vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, ambavyo kazi yake ni kuzuia damu inayopanda kuelekea moyoni isirudi chini. Vikilegea, iwe ni kwa urithi, umri, ujauzito, unene au kusimama muda mrefu, damu hutuama na mshipa hutanuka. Kutembea si adui hata kidogo, kwani misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu juu.

Zamani mgonjwa alipasuliwa na mshipa kung'olewa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, leza imekuwa ikichukua nafasi ya kisu. Daktari hupima mguu kwa mashine ya mawimbi ya sauti, akatia ganzi, kisha akapenyeza uzi mwembamba ndani ya vena kupitia tundu la sindano. Joto la leza huuziba mshipa huo, na damu hufuata mingine iliyo mizima. Mgonjwa hurejea nyumbani siku iyo hiyo kwa miguu yake. Mwaka wa 2013, taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza tiba hii ya joto itangulie upasuaji. Hata hivyo, mishipa mingine yaweza kuvimba baadaye, na mara chache damu huganda mguuni.

Kwa mkazi wa Mutomo au Kibwezi, tiba hii yaweza kumaanisha safari ya Nairobi. Ni busara aulize mapema iwapo bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia. Lakini kidonda kisingojee leza. Bendeji ya kubana hukisaidia kupona, mradi mhudumu wa afya athibitishe kwanza kwamba damu inafika vyema kwenye unyayo.

La hatari zaidi ni mshipa kupasuka, kwani damu inayotoka yaweza kuua. Mgonjwa alazwe chini papo hapo, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, na jeraha libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi huku akitafutiwa usafiri wa hospitali.