Idi Ndogo Yaelekea Desemba: Hesabu ya Sikukuu kwa Aliye Mbali na Kwao

Mwezi ukiandama kama hesabu zinavyoonyesha, Zanzibar itaswali Idi Ndogo tarehe 23 Desemba 2033, siku mbili kabla ya Krismasi. Hiyo itakuwa Idi Ndogo ya pili kwa mwaka huo, kwani ya kwanza itakuwa imekwisha swaliwa tarehe 2 au 3 Januari. Mtu wa kijiji cha Paje anayeishi London au Muscat atauliza tiketi ni kiasi gani. Mzungu anayeishi Paje, na kijana wa Dodoma anayefanya kazi katika hoteli ya hapo hapo Paje, watauliza swali lile lile. Wote watajibiwa na kalenda kabla hawajafika dukani.

Hesabu za makala hii zinachukulia dola moja kuwa shilingi 2,500 na pauni moja kuwa shilingi 3,300. Bei zinazoanza na "tuseme" ni za mfano: zimewekwa ili msomaji aone uzito wa kila kitu, naye anaweza kuzibadilisha kwa bei aliyoikuta mwenyewe.

Siku 11 kila mwaka

Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na wa jua una 365. Kwa hiyo Idi hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na huchukua takriban miaka 33 kuzunguka majira yote. Njia yake katika kipindi chetu ni hii:

- 2020: 24 Mei
- 2022: 2 au 3 Mei
- 2024: 10 Aprili
- 2026: 20 au 21 Machi
- 2028: 26 au 27 Februari
- 2030: 4 au 5 Februari
- 2032: karibu 14 Januari
- 2033: 2 au 3 Januari, kisha 23 Desemba

Sasa ipange orodha hiyo juu ya majira ya Paje. Kijiji hiki cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe, kinaishi kwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na kusi kuanzia Juni hadi Septemba. Hizo ndizo nyakati ambazo waendesha tiara za majini (kitesurfing) hujaa ufukweni na bei za vyumba hupanda. Katikati yake kuna masika, Aprili na Mei, ambapo hoteli nyingi hufunga milango, hukarabati mapaa na kuwapa wafanyakazi likizo.

Kuanzia 2020 hadi 2024, Idi Ndogo iliangukia ndani ya masika. Tiketi zilikuwa rahisi, vyumba vilikuwa vitupu, na mpishi wa hoteli alikuwa nyumbani kwake akila pilau na wanawe. Mwaka 2026 Idi imeukaribia mkia wa kaskazi. Kuanzia 2028 inaingia ndani kabisa ya msimu wa watalii, na haitatoka huko mpaka baada ya 2033.

Kabla ya Idi kuna mwezi mzima wa Ramadhani, nao unasafiri pamoja nayo. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili: moja itaanza karibu tarehe 5 Januari, nyingine karibu tarehe 26 Desemba. Ya 2031 itaanza katikati ya Desemba, na ya 2032 mwanzoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba mkesha wa mwaka mpya utaangukia ndani ya Ramadhani mara tatu mfululizo, katika kijiji ambacho usiku huo ndio wa biashara kubwa kuliko yote.

Mara ya mwisho hapakuwa na umati huu

Jambo hili limewahi kutokea. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi Ndogo mbili, moja karibu tarehe 8 Januari na nyingine karibu tarehe 27 Desemba. Lakini mwaka ule wageni walioingia Zanzibar hawakufika 100,000. Mwaka 2019 walikuwa 538,264. Maradhi ya korona yakawashusha hadi 260,644 mwaka 2020, na mwaka 2024 wakafika 736,755.

Sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773 Zanzibar nzima. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, kwa kila wakaazi 100 huingia wageni 39. Paje ya mwaka 2000 ilijulikana zaidi kwa uvuvi na kilimo cha mwani, kilichoanza pwani hii mwaka 1989, na nyumba zake za wageni zilikuwa chache. Sikukuu mbili na msimu wa watalii zitakapokutana tena, zitakutana mahali penye wageni zaidi ya mara saba ya wale wa zamani. Mzee anayekumbuka Idi ya mwaka 2000 hana cha kutufundisha kuhusu bei ya chumba.

Mzungu wa Paje na nyumba yenye thamani akiwa hayupo

Chukua mgeni mkaazi, mwalimu wa tiara za majini au mtu anayefanya kazi yake kwa kompyuta. Tuseme amepanga nyumba ndogo kwa dola 400 kwa mwezi. Mwenye nyumba anajua kwamba kuanzia tarehe 20 Desemba hadi 3 Januari kuna usiku 14. Tuseme anaweza kuikodisha kwa dola 50 kwa usiku: hiyo ni dola 700 ndani ya wiki mbili, karibu mara mbili ya kodi ya mwezi mzima. Ndiyo maana mikataba mingi ya mdomo huvunjika Novemba, au kodi ya Desemba huja na sura mpya.

Mpangaji huyo anabanwa pande mbili. Akibaki, kodi inapanda. Akienda kwao Ulaya, ndege nazo ziko katika bei ya juu, kwa sababu ni msimu wa sikukuu. Njia inayolipa ni kukubaliana na mwenye nyumba mapema: mimi nitaondoka hizo siku 14, wewe kodisha, tugawane. Nusu ya dola 700 ni dola 350, na hizo zinabeba sehemu nzuri ya tiketi.

Wenye fedha zaidi hununua. Mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika mradi uliokubaliwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji Zanzibar, anaweza kupata kibali cha ukaazi. Shida ya kodi imemwondokea, lakini naye akitaka kuikodisha nyumba yake atasubiri wiki mbili hizo hizo.

Familia ya London: faini au nauli

Upande wa pili yupo mzaliwa wa Paje anayeishi London na mke wake na watoto wawili wenye umri wa shule. Hakuna ndege ya moja kwa moja; hupitia Doha, Addis Ababa, Istanbul au Dubai. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni pauni 650 wakati wa masika na pauni 1,050 wakati wa Krismasi. Tofauti ni pauni 400 kwa mtu. Kwa watu wanne ni pauni 1,600, sawa na shilingi 5,280,000.

Idi ikiangukia siku za shule, gharama inabadilika jina. Tangu Agosti 2024, mzazi wa England anayemtoa mtoto shuleni siku tano bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto akilipa ndani ya siku 21, au pauni 160 akichelewa. Faini ni ya kila mzazi. Wazazi wawili na watoto wawili hufanya pauni 320. Shule huweza kuruhusu siku ya sikukuu ya dini, lakini siku moja haimfikishi mtu Paje.

Desemba 2033 shule zitakuwa zimefungwa na faini haitakuwapo. Badala yake ipo ile tofauti ya nauli ya pauni 1,600, mara tano ya faini. Yaani likizo inayoonekana ya bure ndiyo ghali kuliko zote.

Kuna malipo yasiyojali tarehe. Serikali ya Uingereza hutoza kodi ya abiria, na kuanzia Aprili 2026 ni pauni 102 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida kwa safari ya masafa haya. Watoto wa chini ya miaka 16 wamesamehewa. Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo aliyechukua pasipoti ya Uingereza kwa kawaida huingia kwao kwa viza ya dola 50. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa pia kuwa na bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar. Jumla ni dola 94, yaani shilingi 235,000 kwa mtu mzima kabla hajatoka uwanja wa Abeid Amani Karume. Kutoka hapo hadi Paje, tuseme teksi ni dola 40, ambazo ni shilingi 100,000. Kwenye gari ya shamba ya 309 ya Jambiani, tuseme nauli ni shilingi 3,000 kwa kichwa.

Ndugu yake wa Muscat ana nafuu. Oman yote iko mapumzikoni siku za Idi, sheria ya kazi ya 2023 inampa likizo ya siku zisizopungua 30 kwa mwaka, na safari ni ya saa tano au sita. Tatizo lake ni mwezi wenyewe. Muscat na Zanzibar huweza kutofautiana siku moja, na tiketi hununuliwa miezi mingi kabla mtu yeyote hajatazama mbingu. Anayetaka kuswali Idi Paje afike siku mbili kabla ya tarehe ya kwanza inayotarajiwa.

Kijana wa Dodoma: siku ndizo hazipo

Mfanyakazi wa hoteli anayetoka Dodoma ana safari ya bei ndogo. Tuseme boti kwa raia ni shilingi 30,000. Treni ya SGR ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, ni shilingi 31,000. Ongeza gari ya shamba ya 3,000, kisha zidisha mara mbili kwa kurudi: shilingi 128,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini Zanzibar kilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000. Kwa anayelipwa kiwango hicho, safari inakula asilimia 37 ya mshahara wa mwezi.

Hata akiwa na fedha, Krismasi hapewi ruhusa, kwa kuwa hoteli imejaa. Miaka yote Krismasi yake imekuwa kazini, na nyumbani amekwenda Pasaka, ambayo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, msimu unapoanza kulegea. Mwenzake Mwislamu wa Paje, aliyezoea kuwa nyumbani siku ya Idi, sasa anaingia katika hali hiyo hiyo. Atakuwa kilomita moja kutoka kwa mama yake, akimpakulia mgeni chakula cha mchana.

Sufuria ni ndogo

Watu hulalamikia ununuzi wa sikukuu, msongamano wa maduka ya Darajani na Mchangani mjini, bei ya nyama. Tupige hesabu ya karamu ya watu 30. Tuseme mchele kilo 5 kwa 3,500 ni 17,500. Nyama kilo 6 kwa 15,000 ni 90,000. Viungo, mafuta na kachumbari 30,000. Mkono wa Idi kwa watoto 40, shilingi 1,000 kila mmoja, ni 40,000. Nguo mpya za watoto wawili, 60,000. Jumla ni shilingi 237,500, sawa na pauni 72.

Ile tofauti ya nauli ya Krismasi, shilingi 5,280,000, ingelipia karamu kama hiyo mara 22. Anayepunguza kilo ya nyama ili sikukuu imwendee vizuri anabana mahali pasipovuja. Kadhalika mabegi ya zawadi: mashirika mengi huruhusu begi moja au mawili ya kilo 23, na kanzu iliyobebwa kutoka London mara nyingi ni ghali kuliko ya fundi wa mjini.

Idi Kubwa inakuja upande wa pili

Mwezi unaoipeleka Idi Ndogo Desemba unaileta Idi Kubwa kwenye masika:

- 2026: 27 Mei
- 2027: 16 au 17 Mei
- 2028: karibu 5 Mei
- 2029: karibu 24 Aprili
- 2030: karibu 13 Aprili
- 2031: karibu 2 Aprili

Kwa miaka sita, sikukuu ya kuchinja itakaa mle mle ilimokuwa Idi Ndogo kuanzia 2020 hadi 2024: ndege rahisi, vyumba vitupu, wafanyakazi majumbani. Mwaka 2026 imeangukia wiki ya mapumziko ya nusu muhula ya shule nyingi za Uingereza, kwa hiyo hata faini haipo. Kasoro zake zinajulikana. Mvua itanyesha, na mfanyakazi wa msimu huenda asiwe na mshahara mwezi huo. Watoto nao huisubiri zaidi ile sikukuu inayofuata futari za mwezi mzima.

Bado hesabu inaelekea upande mmoja. Ukoo uliotawanyika London, Muscat na Unguja, ukitaka kukutana wote mara moja kabla ya 2033, uiache Idi Ndogo kila mtu aile alipo na upange Idi Kubwa ya 2030. Itakuwa karibu Jumamosi ya tarehe 13 Aprili, na Pasaka itafuata Jumapili ya tarehe 21. Nauli kutoka Uingereza zitapanda kidogo kwa ajili ya Pasaka, lakini shule nyingi zitakuwa zimefungwa na hoteli za Paje zitakuwa zimelegea. Mtu wa Paje na mtu wa Dodoma wanaweza kuomba ruhusa wiki ileile, na mwenye hoteli asiwe na sababu ya kumkatalia yeyote kati yao.