Uangamizaji wa Utamaduni

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa taarifa juu ya shule za bweni ambamo watoto wa wenyeji asilia wapatao 150,000 walitengwa na wazazi wao na kukatazwa lugha zao. Sera hiyo ya serikali tusiifasiri “mauaji ya kimbari ya kitamaduni”. Mauaji ni kutoa roho, ilhali Tume ilikusudia kuvunjwa kwa asasi na desturi zilidumishazo kundi. Twapendekeza “uangamizaji wa utamaduni”. “Mauaji ya kimbari” yabaki kwa taarifa ya 2019 kuhusu wanawake na wasichana waliouawa au kupotea, ambayo hukumu yake haikuwekewa kivumishi “kitamaduni”. Tukizichanganya istilahi hizi, msomaji hataiona tofauti ya hukumu hizo mbili.